Nifungue duka la zana za uvuvi mjini kwetu, au niache?

"Ninaishi katika mji mdogo ulio kando ya ziwa. Nimevua tangu utotoni, na kila ndoana zikiniishia nalazimika kupanda gari saa moja na nusu hadi mji mkubwa. Hapa kwetu hakuna duka la zana za uvuvi, ila duka moja la vifaa vya ujenzi lina ndoana chache na nyuzi. Nimeweka akiba miaka sita. Nataka kuacha kazi, nipange fremu karibu na stendi, niongezee mkopo kidogo ili nijaze duka vizuri, kwa sababu duka tupu halivuti mteja. Shemeji yangu anaweza kunipatia fimbo za kuvulia na rili za kukunjia uzi kwa bei nzuri tukichukua nyingi kwa pamoja. Kila mvuvi niliyemuuliza ameniambia wazo ni zuri na atanunua kwangu. Nitaweka asilimia 40 juu ya bei ya kununulia, kwa hiyo nadhani faida ipo. Mke wangu ana wasiwasi. Je, nifungue au nisifungue?"

Ndugu yangu, asante kwa kuandika kwa kina. Wengi huuliza tu kama biashara hii inalipa, wakaishia hapo. Wewe umeeleza mji, akiba, fremu, shemeji na hata wasiwasi wa mke wako, na humo ndimo majibu yalimo. Nikikusanya yote, unauliza mambo mawili: je, wavuvi wa mji wenu wanatosha kulisha duka, na je, akiba ya miaka sita ikiingia humo itatoka tena? Nimeuza zana za uvuvi kwa miaka mingi, na siku hizi kazi yangu ni kukaa na wenye maduka madogo tukapitia daftari zao. Nakujibu waziwazi: duka ulilolieleza, kwa namna ulivyolieleza, usilifungue. Lakini ndani ya maelezo yako naona duka jingine, dogo zaidi, ambalo huenda likasimama.

Tuanze na jinsi duka la aina hii linavyopata riziki yake. Panga kichwani mwako kila kitu kinachouzwa katika duka la uvuvi, kisha ujiulize swali moja tu kwa kila kitu: hiki kikitoka dukani leo, mteja atakihitaji tena lini? Fimbo nzuri hukaa miaka. Rili ikitunzwa hukaa miaka. Sanduku la kuwekea zana hurithiwa. Lakini ndoana hukwama kwenye jiwe ikabaki huko, chubwi, kile kizito cha kuzamishia ndoana, hukatika ikazama, uzi huchubuka kwenye ukingo wa mtumbwi, na chambo huliwa siku hiyohiyo. Duka la uvuvi linaishi kwa vile vinavyopotea majini. Fimbo na rili hupendezesha ukuta, lakini kodi ya pango hulipwa na ndoana, nyuzi, chubwi, pini za kuzungusha uzi na chambo.

Kwa sababu hiyo, kujua mji una wavuvi wangapi hakutoshi. Unahitaji kujua wanapoteza nini, na mara ngapi. Chukua mvuvi mmoja wa riziki anayetega mshipi mrefu wenye ndoana 300. Tuseme kila usiku anapoteza 10, na kwa mwezi anaingia majini mara 22. Huyo peke yake anahitaji ndoana 220 kila mwezi, yaani zaidi ya paketi mbili za mia mia. Sasa chukua mtu anayevua kwa kujifurahisha, anayekwenda mara mbili kwa mwezi na kupoteza ndoana tatu kila safari. Huyo anahitaji sita. Ili wafikie matumizi ya yule mmoja wa mshipi mrefu, unahitaji watu 36 au 37 wa namna hiyo. Mvuvi wa kujifurahisha ana uzuri wake: habishanii bei sana, anapenda kitu kizuri, na atanunua chambo bandia hata kama anacho nyumbani. Ila sanduku lake likishajaa, mwaka wa pili humuoni kama ulivyomuona mwaka wa kwanza. Hukusema mji wenu una wavuvi wa aina gani, na jibu la hilo lina uzito kuliko kila kitu kingine ulichoniandikia.

Umeandika kwamba hakuna duka la zana za uvuvi mjini, na umelisema hilo kama habari njema. Huenda ni njema. Huenda pia maana yake ni kwamba mtu alikwisha hesabu kabla yako, akaona hapatoshi. Tena si kweli kwamba hakuna kabisa. Lile duka la vifaa vya ujenzi tayari linauza vile vinavyokwenda haraka, na mwenye duka hilo haishi kwa ndoana; anaishi kwa saruji na misumari. Anaweza kuuza ndoana bila faida yoyote mwaka mzima na asiumie, wakati kwako hiyo ndiyo riziki. Nenda kwake kama mteja, utazame rafu yake kwa makini. Paketi gani ina vumbi? Boksi gani limefunguliwa juzi? Uzi wa unene gani umebaki nusu roli na upi haujaguswa? Rafu ya mpinzani ni daftari ya mauzo iliyoachwa wazi, na kuisoma hakugharimu kitu.

Na wale wavuvi waliokuambia wazo ni zuri, usiwategemee. Hawakukudanganya. Umemuuliza mtu kama angependa duka karibu na kwake, na kila mtu angependa. Muulize maswali yanayojibiwa kwa kumbukumbu badala ya matumaini: mara ya mwisho ulinunua nini, siku gani, wapi, kiasi gani, na ulilipa taslimu au ulikopa? Mtu akikujibu kwamba alinunua ndoana mwezi uliopita kwa rafiki aliyekwenda mjini, umejifunza kitu. Akikwambia ana ndoana alizoletewa na mwenye mtumbwi, umejifunza kikubwa zaidi: mnunuzi wako halisi ni mwenye mtumbwi, na huenda yeye hununua kwa jumla mara moja kwa msimu, hukohuko mji mkubwa.

Fanya kazi hii kwa siku 30, usipunguze. Mwezi wa mwandamo una siku 29 na nusu, na kwenye maji ambako watu huvua usiku kwa taa, siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hulala pwani kwa sababu samaki hawafuati taa wakati mwezi umejaa. Ukihesabu wiki moja ya giza utaona mji una neema. Ukihesabu wiki moja ya mbalamwezi utaona umekufa. Simama mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, saa kumi na moja alfajiri wanapotoka majini na jioni wanapoingia, na daftari mkononi. Andika mitumbwi iliyotoka, zana walizobeba, kilichokatika, kilichopotea. Utaona mambo ambayo hakuna mtu angekueleza. Mvuvi mwenye uzoefu hauulizii uzi wa nyavu kwa jina la kiwanda; anauviringa kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anakwambia ni wa tisa au wa kumi na mbili. Anachokitaja ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Kwenye kibandiko utakuta imeandikwa 210D/9: nyuzi tisa, kila moja ikiwa na unene wa denia 210, yaani mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 210. Ukileta 210D/6 kwa watu wanaotumia 12, utakuwa na mzigo mzuri usiouzika.

Sasa hiyo asilimia 40. Hapa naomba uchukue kalamu, maana kosa hili nimelikuta katika daftari nyingi kuliko jingine lolote. Umenunua kitu kwa 100 ukakiuza 140. Faida ni 40, lakini 40 hiyo ni sehemu ya 140 iliyoingia kwenye droo. Kwa kila 100 ya mauzo, ya kwako ni 28 na kidogo. Ukiona droo ina 1,000 jioni, usiseme 400 ni zangu. Ni kama 286, na zilizobaki ni za kurudisha mzigo. Mtu anayetumia 400 kila siku anakula mtaji wake kidogo kidogo, na kawaida hugundua mwezi wa tano au wa sita, rafu zinapoanza kuwa na mapengo asiyoweza kuyajaza.

Endelea na hesabu hiyohiyo. Jumlisha gharama zote za mwezi zisizojali kama umeuza au hukuuza: pango, umeme, leseni, nauli za kufuata mzigo, ulinzi, na mshahara wako mwenyewe. Mshahara wako usiuache, maana unaacha kazi inayokulipa. Tuite jumla hiyo 100. Kwa faida ya 28.6 katika kila 100 ya mauzo, lazima uuze 350 kila mwezi ili usipate wala usipoteze. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata 13.5 kwa siku. Weka namba zako halisi mahali pa hizi zangu, kisha ulinganishe na daftari ya siku 30. Swali lako la "nifungue au nisifungue" linakuwa swali la kawaida kabisa: je, vitu vinavyopotea majini kwenu, kwa sehemu utakayoweza kuipata wewe, vinafika mauzo hayo? Na uangalie punguzo. Mteja akikuomba umpunguzie asilimia 10, ukauza 126 badala ya 140, faida imeshuka kutoka 40 hadi 26. Umetoa zaidi ya theluthi ya faida yako kwa kile kilichoonekana ni fadhila ndogo.

Nikirudi kwenye neno lako kwamba duka tupu halivuti mteja: ni kweli kwa nusu. Mteja wa ndoana havutwi na wingi. Anavutwa na uhakika kwamba ile yake, namba ileile, ipo leo na itakuwepo kesho kutwa. Ukijaribu kuwa na kila kitu, utashangaa jinsi vitu vidogo vinavyomeza pesa. Ndoana za saizi kumi na mbili tofauti, kila saizi kwa maumbo manne na rangi tatu: tayari ni aina 144, na hujagusa uzi. Zidisha kwa paketi kumi kumi, umelaza mtaji wa miezi. Katika aina hizo 144, huenda 15 ndizo zitakazobeba mauzo karibu yote, na zilizobaki zitakaa zikipata kutu.

Tena saizi za ndoana zina mtego unaomnasa muuzaji kabla ya samaki. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Hapo mpangilio unageuka: baada ya 1 inakuja 1/0, halafu 2/0, 3/0, na sasa namba ikipanda ndoana nayo inakua. Kwa hiyo 5 na 5/0 ni vitu viwili tofauti kabisa. Moja inakaa kwenye ukucha, nyingine ni ya samaki mkubwa. Nimeona maboksi kumi yakifika dukani kwa sababu mtu alisema "tano" kwenye simu. Isitoshe, viwanda havina kipimo kimoja, na namba 6 ya mmoja inaweza kuwa pana kuliko namba 6 ya mwingine. Agiza kwa picha na sampuli mpaka utakapomzoea muuzaji wa jumla.

Hili linanileta kwa shemeji yako, na naomba ulisome kwa utulivu maana najua ni mtu wa karibu. Linganisha vitu viwili. Fimbo umenunua kwa 100, unaiuza 200, faida inapendeza sana, lakini inakaa mwaka mzima kabla ya kuuzika. Mwaka umekupa 100. Boksi la ndoana umenunua kwa 100, unaliuza 125 tu, lakini kila mwezi linaisha na unarudisha jingine. Mwaka umekupa 300, kwa mtaji uleule. Kila fimbo inayoning'inia ukutani imeshikilia pesa ambazo zingezunguka mara kumi na mbili. Shemeji anapokupa bei nzuri kwa sharti la kuchukua nyingi, anayepumua ni yeye. Mzigo umetoka kwake umelala kwako. Mwambie hivi: nitachukua fimbo nne na rili nne kwa mali kauli, zikiuzika nakulipa, zisipouzika ndani ya miezi mitatu nakurudishia kama zilivyo. Akikubali, vizuri. Akikataa, amekujibu yeye mwenyewe kama fimbo hizo zinauzika.

Kuna jambo ambalo wanaotoka kwenye uvuvi kuingia dukani hawaliwazi: bidhaa hizi huharibika ukizitazama. Nailoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara za kampuni ya DuPont nchini Marekani, na kabla yake watu walivua kwa nyuzi za pamba, kitani na hariri ambazo zilibidi zianikwe kila baada ya kazi zisije zikaoza. Nailoni haiozi, ndiyo maana tunaichukulia kana kwamba haifi. Lakini jua linaiua. Miale ya jua huvunja minyororo ya kemikali inayoupa uzi nguvu, na kwa macho huoni tofauti. Mwaka wangu wa pili dukani nilipanga roli za uzi dirishani, zilimeta vizuri, wapita njia wakasimama. Baada ya miezi michache alikuja mvuvi mmoja, akaweka roli juu ya kaunta, akavuta uzi kati ya mikono miwili, ukakatika kama uzi wa kushonea nguo. Hakusema neno la ukali. Alinionyesha tu, mara tatu, mahali patatu tofauti, kisha akaondoka. Alikuwa amepoteza samaki na usiku mzima wa kazi kwa uzi niliomuuzia mimi kwa nia njema, na wenzake wanne wa mtumbwi uleule sikuwaona tena msimu huo. Tangu siku hiyo dirishani naweka maboksi matupu, na roli zinakaa kwenye kabati lenye mlango.

Ndoana nazo zinakula unyevu. Mji wa kando ya maji una hewa yenye maji, na paketi za karatasi hunyonya unyevu huo zikaukumbatia chuma. Ndoana moja yenye kutu ikikaa ndani ya boksi, doa huenea kwa jirani zake. Tumia vyombo vya plastiki vyenye mfuniko unaobana, tupia vifuko vya kunyonya unyevu, na mzigo wa zamani uutangulize mbele ya mpya. Fremu inayovuja paa, hata ikiwa na pango nafuu, haifai kwa biashara hii.

Chambo hai ni suala lenye utamu na hatari. Utamu wake ni kwamba humrudisha mteja kila anapokwenda kuvua, na akija kwa chambo huondoka na ndoana. Lakini umekuwa mfugaji. Minyoo inataka udongo wenye unyevu, kivuli na ubaridi. Samaki wadogo wanataka hewa, na maji yakipata joto hushika hewa kidogo: kwa nyuzi joto 20 maji yasiyo ya chumvi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, kwa nyuzi 30 ni kama saba na nusu, huku samaki wenyewe katika joto hilo wakihitaji zaidi. Umeme ukikatika usiku, asubuhi unamwaga mtaji. Anza na minyoo. Samaki hai usiwaguse kabla hujauliza kama wanaruhusiwa, kwa sababu kuhamisha samaki kutoka maji haya kwenda maji yale kunaweza kupeleka magonjwa na viumbe wageni, na sehemu nyingi kuna katazo.

Na kwa jumla sheria izungumze kabla ya oda. Matundu ya nyavu yana vipimo vya chini, na nchi kadhaa zimepiga marufuku nyavu za kunasa za uzi mmoja wa plastiki usiosokotwa. Uingereza ilikataza mwaka 1987 uuzaji wa chubwi nyingi za madini ya risasi, zile za kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, kwa sababu batamaji walikuwa wakizimeza na kufa kwa sumu. Nakutajia hilo ili uone kwamba rafu nzima inaweza kugeuka kuwa marufuku. Kamwe usiuze wavu haramu kwa sababu jirani anauza. Ukikamatwa umepoteza mzigo na leseni, na usipokamatwa umesaidia kumaliza samaki wachanga ambao wateja wako wangewavua mwaka kesho.

Kukopesha kutakujia siku ya kwanza, usidhani utakwepa. Mvuvi hulipwa akipata, na asipopata halipi, hata akiwa mwaminifu. Upepo ukivuma wiki mbili, deni linakaa wiki mbili, na wewe muuzaji wa jumla hakungoji. Weka kikomo kwa kila mtu, kiwe kidogo kiasi kwamba asipolipa hutalazimika kugombana naye, na deni la zamani liishe kabla jipya halijaanza. Andika mbele yake. Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika duka la uvuvi habari yenyewe huwa unaijua, ila huwezi kuithibitisha. Kwa sababu hiyohiyo sipendi mkopo wako wa kuanzia. Mkopo hudai kila mwezi, na maji hayatoi kila mwezi. Kuna mbalamwezi, kuna msimu wa pepo, na kuna maji yanayofungwa kwa amri kwa miezi ili samaki wazaane.

Kuhusu kununua mtandaoni, usiogope sana. Mtandao utachukua wateja wa rili na fimbo, tena kwa bei usiyoiweza. Hauwezi kumpa mtu ndoana alfajiri mtumbwi ukisubiri, wala kumwonyesha fundo.

Basi ungefanyaje? Mimi ningebaki kazini. Baada ya zile siku 30, ningechukua aina 20 hadi 30 tu zilizotajwa mara nyingi kwenye daftari, nikanunua mzigo usiozidi theluthi ya akiba, na matumizi ya nyumbani ya miezi sita nikayatenga mahali nisipoyafikia kirahisi. Kisha ningetafuta pa kuuzia pasipo na pango zito. Ukipata kibanda mwaloni, fungua alfajiri kabla ya kazi na jioni baada yake. Hizo ndizo saa za wavuvi hata hivyo. Stendi hupita watu wengi, lakini ni wasafiri, na anayewahi basi hanunui chubwi. Njia nyingine ni kukodi rafu ndani ya duka la mtu mwingine, hata lile la vifaa vya ujenzi, mkagawana faida kwa maandishi. Ina hatari yake: mwenye duka ataona kinachouzika na siku moja anaweza kukwambia asante, nitaendelea mwenyewe. Lakini utakuwa umejifunza kwa pesa kidogo, na wateja watakuwa wanalijua jina lako.

Uza pia kazi ya mikono, kwa sababu haitaki mtaji. Wengi hununua wavu wa mita 100 wakidhani watatega mita 100, kumbe urefu huo ni wa wavu ulionyooshwa. Ukiufunga kwenye kamba kwa kiwango cha nusu ili matundu yafunguke, unabaki mita 50. Ukiweza kumfungia mtu wavu wake vizuri, kuweka maboya na chubwi, kuosha rili iliyoingia mchanga, una sababu ya kuwepo ambayo duka la saruji halina. Ongeza vitu vinavyotumika mtumbwini hata na asiyevua: kamba, tochi, betri, makoti ya mvua. Na weka jaketi okozi, hata kama zitakwenda polepole. Ni bidhaa pekee ambayo nitakuomba uiweke bila kunionyesha hesabu, maana nimezika wateja.

Baada ya miezi mitatu ya hivyo, daftari itakuwa na jibu. Kama mauzo ya kibanda hayajafika hata nusu ya kile ambacho duka kamili lingedai, baki na kibanda au acha, na akiba yako kubwa ipo salama. Kama umefika robo tatu na bado unafungua saa chache tu kwa siku, hapo fikiria fremu, tena ya karibu na mwalo. Katikati ya hapo, subiri msimu mmoja zaidi, hasa kama miezi hiyo mitatu haikugusa msimu mbaya.

Kuna mambo ambayo mimi kwa mbali siwezi kukusaidia. Kabla ya kununua wavu wowote, nenda ofisi ya afisa uvuvi wa eneo lenu, umuulize ana kwa ana matundu yanayoruhusiwa, zana zilizokatazwa, leseni unayohitaji na miezi ya kufungwa kwa maji. Mkataba wa fremu usiusaini bila mtu wa sheria kuusoma, hasa kipengele cha kupandishiwa pango na cha kuvunja mkataba mapema. Kama tayari una deni lolote, au unawaza kuweka nyumba au kiwanja rehani, kaa kwanza na mhasibu mkiwa na karatasi zote mezani. Na kama shemeji amekwisha agiza mzigo kwa jina lako, mtafute mwanasheria wiki hii.

Mke wako usimchukue kama kikwazo. Mpe daftari ya pili. Wewe hesabu alfajiri, yeye ahesabu jioni, bila kuonyeshana mpaka siku ya 30, maana wewe unaupenda uvuvi na jicho lako litaona wateja hata pale ambapo hawapo. Zikilingana, niandikieni wote wawili: mitumbwi mingapi, inatoka usiku mara ngapi kwa mwezi, na aina 20 zilizotajwa zaidi pamoja na namba zake. Nitawasaidia kupanga oda ya kwanza.